Rambirambi kwa Mkurugenzi

Mwongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuwajua hakuwahi kuchukua hata njiti ya kiberiti isiyo yake. Nayataja hayo mawili pamoja kwa sababu ukieleza moja tu, watu wa Kasulu watasema mwongo ni wewe.

Tulimwita Mwenye Sinema. Jina la ubatizo alikuwa nalo na ukoo alikuwa nao, ila sijawahi kumsikia mtu akivitumia, na mimi sitaki kuwa wa kwanza. Kazi yake ilikuwa useremala. Padri mmoja mzungu, ambaye yeye alimtengenezea mabenchi ya kanisa miaka na miaka, alipokuwa anarudi kwao kuzeeka alimwachia mashine ndogo nyeusi ya kuonyeshea filamu na makopo manne ya bati. Mashine ilizungushwa kwa mkono kama cherehani, na taa yake iliwashwa kwa betri ya lori. Kila kopo lilikuwa na filamu moja. Zilikuwa za kale, za enzi ambazo sinema ilikuwa bado haijajifunza kusema. Mtu anafumbua mdomo mpaka unaona magego, na husikii kitu. Na wote walitembea haraka haraka, kama waliobanwa na haja.

Uongo wake uliingia hapo.

"Picha haina mdomo," alikuwa akisema kabla ya kuanza, "kwa hiyo mtanivumilia mimi."

Mkono wa kulia unazungusha, mdomo unawasemea wote. Mabwana wenye kofia ndefu waliongea Kiswahili cha ofisini, kile cha "kwa kuwa" na "hivyo basi". Wapishi, wachukuzi na walevi waliongea Kiha, lugha yetu ya nyumbani. Kulikuwa na filamu ya mtu mnene anayepaka rangi nyumba akiwa juu ya ngazi, na kila mara mbwa anaisukuma ile ngazi. Mwenye Sinema aliapa kwamba yule ni babu wa mkuu wa shule yetu. Wiki iliyofuata, mkuu alipopita mbele ya gwaride, nilibweka. Kidogo tu. Nilichimba shimo la takataka siku tatu kwa ajili ya mbweko mmoja.

Katikati ya picha yalikuja maandishi, meupe juu ya weusi, Kiingereza. Yeye alisoma Kiswahili vizuri, ila Kiingereza kilikuwa kwake ni mistari tu. Hakuona aibu. "Hapa wameandika maneno," alisema. "Yapite." Tukayangoja yapite, kama unavyongoja ng'ombe wa mtu wavuke barabara.

Haya yote yalifanyika Jumamosi mchana, ndani ya ghala tupu la kahawa. Kiingilio kilikuwa blanketi. Kila aliyekuja alileta kigoda cha kukalia na blanketi la kuziba dirisha, na madirisha yakiisha tuliziba nyufa za mlango. Humo ndani tulitoka jasho kama tunaopikwa. Hakuna aliyetoka kabla ya mwisho, kwa sababu aliyetoka alifungua mlango, na aliyefungua mlango aliua picha, na aliyeua picha alitukanwa mpaka ukoo wake wa Kibondo.

Filamu ya nne haikuwa ya kucheka. Mama mmoja amekaa dirishani, anangoja. Siku zinapita, unaziona kwa majani yanavyoanguka. Mwisho anakuja mtu wa posta, anampa barua, mama anaisoma, anaikumbatia. Basi. Ile barua iliandikwa nini, filamu haikusema, au ilisema kwa yale maneno tuliyoyapitisha. Kwa hiyo Mwenye Sinema aliiandika upya kila Jumamosi. Kama ghalani yumo mama ambaye mwanawe yuko jeshini, barua ilitoka jeshini. Kama mvua imechelewa, barua ilisema huku kwetu inanyesha, pandeni. Na alikuwepo mama mmoja aliyekimbia kutoka Burundi na watoto wawili, mumewe akabaki huko, haijulikani hai au vipi. Huyo akiingia tu na kigoda chake, sote tulijua barua ya leo itasemaje. Mwenye Sinema alipunguza mwendo wa mkono, na Kiha chake akakisogeza kabisa kwenye Kirundi, akasema taratibu: niko hai, nimechelewa tu, usihame hapo ulipo.

Yule mama alijua ni uongo. Ghala zima lilijua. Alikuja kila Jumamosi kuusikia.

Sasa upande wa pili. Mtu huyo huyo aliwahi kuokota jembe njiani akitoka Titye, akazunguka nalo begani Jumapili tatu akiuliza kila mlango, "Jembe lenu hili?" Mara nyingine, msituni upande wa Kitanga, aliona mzinga umejaa asali, umesahauliwa mtini. Waliokuwa wakikaa jirani walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, na mwenye mzinga hakujulikana kaenda wapi. Mwenye Sinema alimtafuta msimu mzima. Aliporudi kuutazama, nyuki walikwishahama na sisimizi wamemaliza kila kitu.

"Mzee," nilimwambia, "si ungekula tu?"

"Asali ya mtu."

"Ya mtu gani? Hayupo!"

"Hayupo hapa," alisema. "Wewe msomi, unafikiri mtu akitoka machoni pako ndiyo kaisha?"

Msibani pia hakuwa kama watu wengine. Alifika kabla ya ndugu. Hakuwa na maneno ya kufariji, hapo uongo wote ulimkauka. Alileta mzigo wa kuni kichwani, akautua, akasema "poleni", akakaa chini na kunyoosha miguu mpaka watu wazike. Awe tajiri, awe mlevi, awe mtu aliyegombana naye jana kuhusu mbao, kuni zilifika. Tulikuwa tunataniana shuleni: ukimwona Mwenye Sinema anakuja kwenu na kuni, hesabuni watu wa nyumbani.

Kitu kimoja zaidi, halafu nitakuja kwenye ubaya wangu. Filamu zile zilikuwa zinanuka siki. Ukifungua kopo, harufu inakupanda puani. Padri alikuwa amemwonya kwamba filamu za zamani zinaoza kwa ndani zikifungiwa hewa. Basi kila Jumapili baada ya misa alizifungua, akazitandaza barazani kivulini, mkunjo kwa mkunjo, akazipepea kwa kofia kama anayepepea mgonjwa. Watu walipita wakimcheka. "Leo umefua, mzee?" Alijibu, "Zinapumua."

Basi siku moja akaja ghalani bwana utamaduni wa wilaya. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani, alikuja na blanketi lake kama wengine. Filamu zilipokwisha akauliza, kwa heshima kabisa:

"Mzee, shikamoo. Hizi picha ni za nani?"

"Marahaba. Zangu. Alinipa padri."

"Makopo ni yako, sikatai. Nauliza picha zilizomo. Nani alizitunga? Unayo ruhusa yake?"

Ghala likacheka. Mwenye Sinema hakucheka.

Bwana utamaduni akaeleza. Mtu akitunga kitu, ana haki ya mtunzi. Akifa, haki inakaa kwa warithi wake kwa miaka iliyowekwa na sheria. Miaka hiyo ikiisha, kazi inakuwa mali ya umma, na yeyote anaweza kuionyesha bila kumwomba mtu. "Hizi ni za zamani sana, huenda miaka imeshaisha," alisema. "Nitaandika Dar es Salaam kuuliza. Wewe endelea, mzee. Sikukatazi."

Sikukatazi. Neno hilo mimi nililisikia, na ghala lote lililisikia. Mwenye Sinema alisikia tu kwamba mahali fulani kuna mtu ambaye vitu vyake vinatumika bila yeye kujua.

Kesho yake alinifuata nyumbani. "Msomi, wewe unajua Kiingereza?"

"Kidogo, mzee."

"Nataka hicho kidogo."

Kwenye kifuniko cha kopo moja palikuwa na jina la kampuni na mji wa ng'ambo, limegongwa kwenye bati. Nikaandika barua ya kweli, ya adabu, ya kuomba ruhusa, kwenda kwa "Mkurugenzi", kwa kuwa hatukuwa na jina. Ikatumwa kwa sanduku la posta la mwenye duka, mzee mmoja wa Kiislamu ambaye ndiye aliyekuwa akichaji ile betri kwenye lori lake.

Miezi ikapita. Kila nikija likizo kutoka shule ya bweni, kabla ya kuuliza hali: "Mwakeye, msomi. Mkurugenzi kajibu?" Hiyo "mwakeye" ni salamu yetu ya asubuhi, yeye aliitoa hata saa kumi jioni, ilimradi afike haraka kwa Mkurugenzi. Kanisani, Mkurugenzi. Kisimani, Mkurugenzi. Nilichoka.

Nilikuwa Kidato cha Pili. Nilipewa adhabu ya kufagia ofisi ya karani wa shule wiki nzima (nilikuwa nimeigiza mwendo wa mwalimu wa hesabu, naye alikuwa nyuma yangu). Ofisini kulikuwa na taipureta. Sasa wewe mweke mtu kama mimi peke yake na taipureta, halafu ushangae.

Niliandika mistari minne ya Kiingereza. Tumepokea barua yako. Filamu hizo ni mali yetu. Usizionyeshe tena mpaka tutakapokuandikia. Zitunze. Chini nikachora saini ya mkunjo usiosomeka, nikaandika Mkurugenzi. Mhuri niliupiga kwa kizibo cha soda nilichokichovya wino. Bahasha ya ng'ambo niliiokota kwenye takataka za ofisi, na likizo ilipofika nikaichomeka katikati ya barua za mwenye duka alipogeuka kupima chumvi.

Nilitaka kimoja tu: akasirike. Alikuwa mbishi yule mzee. Aliwahi kubishana na redio ya dukani mpaka mwenye duka akaizima kwa huruma. Niliona kabisa jinsi atakavyosimama ghalani Jumamosi, amchane Mkurugenzi vipande vipande kwa Kiha, halafu mimi ninyanyuke na kusema, "Ni mimi!" na tucheke mwaka mzima.

Aliniletea niisome. Niliisoma kwa kupitisha sauti puani, kizungu kabisa. Alivua kofia.

"Soma tena," alisema. "Bila pua."

Nikasoma tena, nikamfasiria.

"Amesema nizitunze?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hanijui, na ameniamini." Akaikunja ile karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa ndani.

Mzaha ambao aliyefanyiwa hakasiriki hauna mahali pa kuishia. Nilingoja. Jumamosi alisimama mbele ya shuka jeupe, mashine imefunikwa, akawaonyesha watu karatasi yangu na kizibo changu cha soda, akasema mwenyewe amepatikana na amekataza, kwa hiyo kila mtu achukue blanketi lake. Watu wapatao sitini waliondoa mablanketi, na jua likaingia. Kusema pale pale ni mimi? Wangenitandika kwa vigoda. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho nikasema nitasema Jumapili. Jumapili nikarudi shule.

Na hamjui alichokifanya nilipoondoka. Alinunua nta kwa warina asali, akaiyeyusha kwenye sufuria, akaziba makopo yote manne pembeni mwa vifuniko, duara zima, mpaka yakawa hayapitishi hata pumzi ya mdudu. Nilipomwona likizo iliyofuata nilishtuka.

"Mzee, na kuzipepea?"

"Kuzipepea ni kuzifungua. Kuzifungua ni kuzitazama. Mwenyewe kasema nizitunze, hakusema nizitazame."

Nilikuwa na ulimi mdomoni. Nilikuwa nao, mrefu tu, unaojulikana shule nzima. Nikamwambia, "Sawa, mzee." Aliacha hata kuitikia jina. Ukimwita Mwenye Sinema alijibu, "Mwenyewe yuko ng'ambo. Mimi mkono tu."

Yule mama wa Burundi aliendelea kuja Jumamosi, na kigoda. Mwenye duka ndiye aliyenisimulia. Alifika mlangoni pa karakana, akauliza, "Leo nayo hakuna?" na mzee akajibu, "Hakuna, mama. Hajaruhusu bado." Hakumwambia ile barua ya filamu hata kwa mdomo. Alisema bila picha ni uongo mtupu. Jumamosi moja mama akamwachia blanketi lake, ili siku filamu zikiruhusiwa asikose dirisha. Kisha wakahamishwa, yeye na wanawe na wakimbizi wengine, kwenda makazi ya mbali huko. Hakurudi.

Mzee tulionana naye mara ya mwisho likizo ya juzi. Mimi sasa niko Kidato cha Nne. Yeye amekonda, kofia imekuwa kubwa, randa anaisukuma mara tatu kisha anapumzika. Blanketi la yule mama lilikuwa limekunjwa juu ya kabati, halina hata vumbi. Akatoa bahasha kutoka Dar es Salaam. Bwana utamaduni alikuwa ameahidi, na serikali ilikuwa imejibu, baada ya miaka miwili.

"Msomi. Bila pua."

Ilikuwa Kiingereza cha wanasheria, ukurasa mmoja. Nikamfasiria: kuhusu filamu ulizozitaja, muda wa haki ya mtunzi umekwisha. Hakuna tena mwenye kuzidai. Ni mali ya umma. Mtu yeyote anaweza kuzionyesha, popote, bila ruhusa ya yeyote.

Kulikuwa na sentensi nyingine. Ilisema muda huo ulikwisha zamani, kabla hata hajapewa hizo filamu. Kwamba tangu Jumamosi ya kwanza zilikuwa zake na zetu sote. Nilifika hapo, nikaona mikono yake imetulia juu ya magoti, inangoja.

"Na hapo?" aliuliza. "Mbona umenyamaza?"

"Hapo wameandika maneno tu, mzee," nilisema. "Yanapita."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda akaleta makopo, akakwangua nta kwa patasi, taratibu, akiikusanya pembeni isipotee. Kifuniko cha kwanza kilipofunguka, siki ilitutoa machozi wote wawili. Filamu ilikuwa imejikunja kama maganda ya muhogo yaliyokaukia juani, imegandana. Alipoigusa ilivunjika. Mtu wa ngazi alikuwemo humo, na mbwa wake. La pili hivyo hivyo. La tatu. La nne hakulifungua. Aliliinua karibu na pua, akanusa ile nta, akalirudisha chini.

Nikasema, "Mzee, mimi..."

"Ngoja," alisema. "Lete kalamu. Hili la kwanza."

"La kwanza lipi?"

"Wamesema hakuna tena mwenye kuzidai. Na miaka miwili iliyopita alikuwepo, aliniandikia kwa mkono wake. Kwa hiyo amekufa, mwana wanje, mwanangu. Na hakuacha hata mtoto. Umeona jinsi watu wanavyoisha?" Alivua kofia, akaiweka juu ya benchi. "Ningejua mapema ningefanya lolote. Kuni hazifiki huko. Barua itafika."

Akatoa mfukoni ile karatasi yangu. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, mhuri wa kizibo umefifia.

"Saini yake sikuwahi kuisoma. Jina lake nani, marehemu?"

Nikaishika. Niliutambua ule mkunjo, hata mahali nilipocheka na kalamu ikateleza.

"Haisomeki, mzee."

"Basi andika Mkurugenzi. Mungu anamjua."

Akanyoosha miguu chini, kama afanyavyo msibani, akaanza kunitajia, nami nikaandika. Kwa jamaa wa marehemu, kama wapo. Mimi ni fundi wa Kasulu. Poleni sana. Alinikabidhi vitu vyake, nami sikuvifungua, sikuvionyesha, sikuviazima kwa mtu. Vimeharibika mikononi mwangu, na sababu siijui. Naomba mnisamehe mimi.

"Umeandika hapo, mnisamehe?"

"Nimeandika."

"Soma nisikie."

Nikamsomea. Akasema inatosha, akaniambia nisichelewe kuituma. Ninayo hapa bwenini, chini ya godoro. Nimeshaiwekea bahasha, na mbele ya bahasha sijaandika kitu.